Mvua Imeanza Lini? Tarehe ya Kuanza kwa Msimu katika Mkataba wa Bima ya Mazao

Katika hati nyingi za bima ya mazao zinazouzwa kwa wakulima wadogo yamo maneno matatu ambayo msomaji huyapita haraka: kuanza kwa msimu. Maneno hayo huonekana mepesi, kwani kila mkulima anajua mvua ilipoanza kijijini kwake. Hata hivyo, katika hati ya bima maneno hayo yana maana maalumu inayopimwa kwa milimita na kwa tarehe, na mara nyingi ndiyo yanayoamua iwapo mkulima atalipwa fidia au hatalipwa. Sehemu hii ya kijitabu inaeleza kwa nini mvua haianzi tarehe ileile kila mwaka, namna mikataba inavyojaribu kuikamata tarehe hiyo, na mambo ambayo mkulima anapaswa kuyauliza kabla ya kulipa ada.

Maelezo haya yanahusu bima ya kiashiria cha hali ya hewa. Katika bima ya aina hii mthamini haji shambani kuhesabu mabua yaliyokauka. Kampuni hutazama kipimo kimoja kilichokubaliwa, kwa kawaida kiasi cha mvua kinachokadiriwa na setilaiti, na kipimo hicho kikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa, fidia hulipwa. Faida yake ni kwamba gharama za ukaguzi hupungua na mkulima wa ekari moja anaweza kuimudu ada. Hasara yake ni kwamba kipimo kinaweza kusema jambo moja na shamba likasema jingine.

Jua hufika kwa wakati, bahari haifiki

Mvua za Afrika Mashariki hufuata ukanda mvua, yaani eneo linaloizunguka dunia karibu na ikweta ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, hewa ikapanda na mawingu yakajengeka. Ukanda huo hulifuata jua. Jua huvuka ikweta kuelekea kusini mwishoni mwa Septemba na kurudi kaskazini katika Machi, na ukanda mvua hulifuata kwa kuchelewa wiki kadhaa. Kwa sababu hiyo mikoa ya kaskazini na pwani ya kaskazini, kama vile Tanga, Pwani, Kilimanjaro, Arusha na Kagera, hupata misimu miwili: vuli kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei. Mikoa ya kati, magharibi na kusini, kama Dodoma, Singida, Tabora, Mbeya, Ruvuma na Mtwara, hupata msimu mmoja mrefu unaoanza kwa kawaida Novemba na kwenda hadi Aprili.

Kama jua peke yake lingekuwa ndilo linaloleta mvua, basi kalenda ingetosha na bima ya kuchelewa kwa msimu isingekuwa na maana. Lakini ukanda mvua unahitaji unyevu, na unyevu wetu mwingi hutoka Bahari ya Hindi, ambayo joto lake hubadilika mwaka hadi mwaka. Ipo miaka ambayo maji ya upande wetu wa magharibi hupata joto kuliko kawaida huku yale ya karibu na Sumatra yakipoa. Hapo upepo wa juu ya ikweta huelekea kwetu ukiwa umebeba unyevu, na vuli huelekea kuwahi na kuwa kubwa. Ipo miaka mingine ambayo hali hugeuka: joto hukaa upande wa Indonesia, unyevu huvutwa huko, na wakulima wa Handeni hubaki wakitazama anga jeupe hadi Novemba. Tofauti hii ya joto kati ya pande mbili za bahari huitwa dipoli ya Bahari ya Hindi, na ilielezwa kwa jina hilo mwaka 1999.

Msomaji atakuwa amezoea zaidi kusikia jina la El Niño, yaani kupata joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki ya kati na mashariki. El Niño na dipoli mara nyingi huja pamoja, kama ilivyokuwa mwaka 1997, ambapo vuli iligeuka mafuriko. Lakini si lazima ziandamane. Mwaka 2019 Pasifiki haikuwa na El Niño yenye nguvu, ilhali dipoli ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi kuwahi kupimwa, na vuli ya mwaka huo ilikuwa kubwa mno. Kwa upande wa pili, mwaka 2016 na mwaka 2022 dipoli iligeuka kwa nguvu, na mwaka 2022 pia ulikuwa ndani ya mfululizo wa miaka mitatu ya La Niña. Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaikumbuka vuli ya 2022 kwa sababu nyingine kabisa: Mto Ruvu ulipungua hadi jiji likaingia katika mgao wa maji.

Masika ni habari nyingine. Uhusiano wake na joto la bahari hizi ni hafifu, na kwa hiyo ni vigumu zaidi kuitabiri miezi kadhaa kabla. Mambo ya muda mfupi huivuruga kwa urahisi. Machi 2019, kimbunga Idai kilichopiga Beira nchini Msumbiji kilivuta unyevu kuelekea kusini, na masika ikachelewa katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Hivyo mwaka mmoja huo ulikuwa na masika iliyochelewa na vuli iliyofurika. Anayekata bima kwa kukumbuka tu jinsi msimu uliopita ulivyokuwa hana msingi wa kutegemea.

Mvua inayoanza na kuacha

Kuchelewa kwa mvua ni tatizo, lakini mara nyingi hasara kubwa zaidi huletwa na mvua inayowahi kisha ikaondoka. Juu ya ikweta husafiri wimbi kubwa la mawingu na mvua likielekea mashariki, ambalo huizunguka dunia kwa muda wa siku 30 hadi 60. Linaitwa wimbi la Madden na Julian, kwa majina ya watafiti wawili wa Marekani waliolieleza mwaka 1971. Wimbi hilo linapopita juu ya eneo letu mwanzoni mwa Oktoba linaweza kuleta siku tatu au nne za mvua nzuri ya kupandia, hata kama bahari bado haijawa tayari kuuendeleza msimu. Wimbi likishapita, anga hukauka kwa wiki mbili, tatu au zaidi. Mbegu iliyokwisha kuota hufa.

Wataalamu wa hali ya hewa wana kanuni ya kutofautisha mwanzo wa kweli na mwanzo wa bandia. Kanuni inayotumika sana, yenye sura mbalimbali, husema hivi: msimu umeanza siku ambayo, ndani ya siku zisizozidi tatu, mvua imefika milimita 20, mradi katika siku 30 zinazofuata kusiwe na kipindi cha ukavu kinachofika siku 10. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Milimita 20, kwa hiyo, ni zaidi ya lita 80,000 katika ekari moja, kiasi kinachotosha kulowanisha udongo wa juu.

Kanuni hiyo ni nzuri, lakini ina jambo ambalo halitajwi vya kutosha: haiwezi kutumika siku yenyewe. Ili kujua kama mvua ya tarehe 10 Oktoba ilikuwa mwanzo wa kweli, ni lazima kusubiri hadi karibu tarehe 10 Novemba. Mkulima hawezi kusubiri. Akichelewa kupanda kwa mwezi mzima wakati mvua ilikuwa ya kweli, mahindi yake yatakuwa yanatoa mbelewele mvua ikiwa inakatika. Anapanda bila kujua, na hicho ndicho kipindi ambacho bima inapaswa kumkinga. Swali la msingi la kumuuliza wakala ni kama mkataba unakikinga kweli.

Mkataba unahesabu kuanzia lini?

Mikataba huweka mwanzo wa kinga kwa njia mbalimbali. Ipo inayotaja tarehe ya kalenda. Ipo inayoanza pale mkulima anapojisajili kwa simu siku ya kupanda au ya kununua mbegu. Na ipo inayoacha setilaiti iamue, kwa kusema kwamba kinga itaanza pale mvua itakapofika kiwango fulani baada ya tarehe fulani. Njia hii ya tatu ndiyo yenye maneno mengi na ndiyo inayozua migogoro zaidi, kwa hiyo tuitazame kwa mfano. Takwimu za mfano huu zimetungwa kwa ajili ya maelezo tu na si za kampuni yoyote.

Tuseme wakulima watatu wa kijiji kimoja cha Handeni wamekata bima ya mahindi ya vuli. Mvua inanyesha tarehe 9 na 10 Oktoba, jumla milimita 17, kisha tarehe 11 na 12, jumla milimita 15. Udongo umelowa. Wote watatu wanapanda tarehe 13. Baada ya hapo hainyeshi tone hadi tarehe 12 Novemba, ambapo mvua inarudi na kuendelea vizuri. Mahindi ya wote yamekauka yakiwa machanga, na wote wamelazimika kununua mbegu upya.

Mkataba wa mkulima wa kwanza unaanza tarehe 1 Novemba. Mazao yake yalikufa kabla ya kinga kuanza kuhesabiwa, au yalikuwa yamebakiza siku chache. Mkataba utapima mvua ya Novemba na Desemba, nayo, ikichukuliwa kwa jumla, itaonekana ya kuridhisha. Halipwi.

Mkataba wa pili unasema kinga itaanza katika kipindi cha kwanza cha siku kumi, baada ya tarehe 1 Oktoba, ambacho mvua yake itafika milimita 25. Mkulima huyu anajumlisha 17 na 15, anapata 32, na anaamini kigezo kimetimia. Lakini vipindi vya siku kumi katika takwimu za mvua kwa kawaida hufuata kalenda: tarehe 1 hadi 10, 11 hadi 20, na 21 hadi mwisho wa mwezi. Kwa hesabu hiyo kipindi cha kwanza kina milimita 17 na cha pili 15. Hakuna kilichofika 25. Kwa macho ya mkataba, msimu haujaanza, na mbegu iliyokufa ilipandwa nje ya msimu. Kinga yake itafunguka baada ya tarehe 11 Novemba, wakati mvua ni nzuri. Naye halipwi.

Mkataba wa tatu una kiwango hichohicho cha milimita 25, lakini unahesabu siku kumi zozote zinazofuatana. Kinga imefunguka tarehe 12 Oktoba. Hatua ya kwanza, ya kuota kwa mbegu, ni siku 20, na mkataba unaahidi fidia ikiwa mvua ya hatua hiyo haitafika milimita 15. Kati ya tarehe 13 Oktoba na 1 Novemba mvua ni sifuri. Mkulima huyu analipwa sehemu ya fidia iliyotengewa hatua ya kuota, na anapata fedha za mbegu kabla msimu haujamwacha.

Mvua ni ileile, kijiji ni kilekile, na ada zao huenda zilikaribiana. Tofauti ya mkataba wa pili na wa tatu ni kifungu kimoja kuhusu namna ya kuhesabu siku kumi. Ni vigumu kumlaumu mkulima kwa kutokigundua, na kwa maoni yetu wakala asiyeweza kukieleza kifungu hicho kwa mfano hajawa tayari kuuza bima hiyo.

Katika mikataba ya aina hii huwapo pia tarehe ya lazima. Kwa mfano, hati inaweza kusema kwamba ikiwa kigezo hakijatimia hadi tarehe 30 Novemba, kinga itafunguka yenyewe siku hiyo. Kifungu hiki ni muhimu katika mwaka kama 2022. Bila hicho, msimu unaoshindwa kabisa kuanza unaweza kuonekana kana kwamba haukuwapo, na mkulima aliyepata hasara kubwa kuliko wote akakosa hata kuingia katika hesabu. Hakikisha tarehe hiyo imo.

Setilaiti inaona nini

Setilaiti haioni matone ya mvua. Njia inayotumika sana hupima joto la kilele cha mawingu: wingu lenye kilele cha baridi kali ni refu na huenda linanyesha. Makadirio hayo husahihishwa kwa vipimo vya vituo vya ardhini. Takwimu za CHIRPS, ambazo hutumika sana katika kazi hii, zinaanzia mwaka 1981 na hugawa ardhi katika miraba yenye upande wa takriban kilomita 5. Mkulima na jirani yake aliye mtaa wa pili watasomwa kama shamba moja, hata kama mvua ilinyesha upande mmoja wa bonde tu.

Upo udhaifu mwingine unaogusa baadhi ya maeneo zaidi ya mengine. Pwani na kwenye miteremko ya milima, kama ile ya Usambara, mvua nyingi hutoka katika mawingu mafupi yasiyo na kilele cha baridi. Setilaiti huweza kuyapuuza. Matokeo yake mkataba unaweza kuchelewa kufunguka ilhali mvua imekwisha kunyesha, au ukalipa fidia ya ukame ambao haukuwapo. Mkulima wa maeneo hayo ana haki ya kuuliza kama kampuni imelinganisha makadirio ya mraba wake na kituo cha mvua kilicho karibu.

Utabiri unasema nini

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa vuli, wa masika na wa mvua za msimu kabla ya kila kipindi kuanza, na hutaja wiki ambayo mvua inatarajiwa kuanza katika kila eneo. Utabiri huo hueleza uwezekano wa mvua kuwa juu ya wastani, wastani, au chini ya wastani. Uwezekano wa asilimia 45 wa mvua chini ya wastani unamaanisha pia kwamba upo uwezekano wa asilimia 55 wa hali nyingine. Msimu ukienda tofauti, utabiri haujawa uongo kwa sababu hiyo. Aidha, utabiri wa vuli una msingi imara zaidi kuliko ule wa masika, kwa sababu iliyoelezwa hapo juu, na uhusiano wa mvua na bahari hufifia kadiri unavyokwenda kusini mwa nchi.

Wakulima wengi huuliza kwa nini kampuni hufunga mauzo mapema, wakati mwingine kabla utabiri haujatangazwa. Si hila. Bei ya bima hupangwa kwa kuchanganya miaka mizuri na mibaya, na kama kila mtu angesubiri utabiri mbaya ndipo akate bima, ada ya miaka ya kawaida isingetosha kulipa fidia. Jambo la kuangalia ni kwamba tarehe ya kufunga mauzo imeandikwa, na kwamba wakala hapokei fedha baada ya tarehe hiyo. Ada iliyopokelewa baada ya mauzo kufungwa inaweza kukataliwa, na mara nyingi mkulima hugundua hivyo wakati wa madai.

Kabla ya kulipa

Mwombe wakala akuoneshe jinsi mkataba huohuo, kwa mraba wa shamba lako, ungelipa katika vuli ya 2016, ya 2019 na ya 2022. Takwimu zipo, na kampuni iliyopanga bei kwa uangalifu imekwisha kufanya hesabu hiyo. Mkataba wa ukame ambao haungelipa chochote mwaka 2022 katika eneo ambalo mahindi yalikauka una kasoro mahali fulani, pengine katika kifungu cha kuanza kwa msimu. Kama jibu ni kwamba hesabu hiyo haipatikani, tafuta bidhaa nyingine.

Ikiwa bima imekatwa kwa pamoja kupitia chama cha ushirika au kuunganishwa na mkopo wa pembejeo, hati kuu hukaa kwa chama au kwa benki. Mkulima bado ana haki ya kupewa, kwa Kiswahili, maelezo ya mwanzo wa kinga, hatua zake, viwango vya mvua na kiasi cha fidia kwa kila hatua. Ukurasa mmoja unatosha. Tunafahamu kwamba makatibu wengi wa vyama hawakupewa ukurasa huo wenyewe. Wao pia wana haki ya kuudai.

Inafaa pia kuweka kumbukumbu zako. Kopo lenye kuta zilizonyooka, likiwekwa mahali pa wazi mbali na miti na paa, na rula ya shuleni, vinatosha kupima milimita za kila asubuhi. Andika tarehe ya mvua, kiasi, siku uliyopanda na siku ulipoona mbegu zinakauka. Tunza risiti ya mbegu na lebo ya mfuko. Kumbukumbu hizo hazitabadilisha kipimo kilichokubaliwa katika mkataba, kwa kuwa mkataba husoma setilaiti. Ila zikitofautiana sana na kipimo cha kampuni, zinatoa msingi wa kudai takwimu za mraba wako zikaguliwe, na zinaonesha kama shamba lako liliwekwa katika mraba usio wake, kosa ambalo hutokea pale kijiji kinapoandikwa kwa jina tu bila vipimo vya mahali.

Lalamiko hupelekwa kwanza kwa kampuni ya bima kwa maandishi. Lisipopata jibu la kuridhisha, linaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Barua itaje namba ya hati au jina la kikundi, kijiji na mahali shamba lilipo, tarehe za mvua na za kupanda, na kifungu cha mkataba kinacholalamikiwa. Ambatisha nakala ya ukurasa wa maelezo ya kinga. Kama hukuwahi kupewa ukurasa huo, sema hivyo katika aya ya kwanza.